Mkopo na Subira katika Soko la Sarafu Mtandao

Tangu tarehe 19 Oktoba 2022, ilipotangazwa rasmi kwamba sarafu mtandao ni bidhaa ya fedha katika sheria za Afrika Kusini, na makampuni yanayoziuza kutakiwa yaombe leseni kuanzia tarehe 1 Juni 2023, wengi wetu tunaoishi Johannesburg tumepata utulivu wa moyo; na utulivu huo una sababu, kwa kuwa mji huu ulikwisha kuishuhudia kampuni ya Africrypt ikisimamisha shughuli zake mwezi wa Aprili 2021, wateja wake wakabaki wanaulizana mali zao zimekwenda wapi. Lakini leseni, hata ikiwa madhubuti namna gani, haiwezi kumlinda mtu na tamaa yake mwenyewe. Na hasara nitakayoizungumzia leo ni ile isiyo na mwizi ndani yake, yaani hasara ya mwenye kufanya biashara hii kwa fedha za kukopa.

Natuseme kijana wa mtaa wa Yeoville ana randi 5,000, na soko likamruhusu kushika kwa mkopo sarafu zenye thamani ya mara ishirini ya rasilmali yake, yaani randi 100,000. Bei ikipanda kwa asilimia 5, fedha zake zimekuwa maradufu. Ikishuka kwa asilimia 5, hana kitu, na kwa hakika huondolewa sokoni hata kabla ya kufika hapo, kwa kuwa mkopeshaji huuza mapema ili fedha yake mwenyewe isiguswe. Na bitcoin kushuka asilimia 5 si ajabu. Yaweza kutokea baina ya sala ya alasiri na ya magharibi.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, ilipokaribia saa tano kwa saa zetu, rais wa Marekani alitangaza ushuru mpya wa asilimia 100 juu ya bidhaa za China, na kabla ya usiku wa manane bitcoin ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 10, na sarafu nyingi ndogo zikaanguka vibaya kuliko hivyo. Katika muda wa saa ishirini na nne, biashara za mkopo zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu ulimwenguni kote, na waliolala usingizi waliamka akaunti zao zimekwisha kuungua. Mwenye kumiliki bitcoin kwa fedha zake mwenyewe aliamka nazo zimepungua thamani, lakini bado ni zake, na uamuzi wa kuuza au kungoja ungali mikononi mwake.

Johannesburg inalijua jambo hili tangu ujana wake. Soko lake la hisa lilianzishwa mwaka 1887, na miaka miwili baadaye wachimbaji wa Witwatersrand wakafikia mawe yenye salfa ambayo zebaki haikuweza kuyatoa dhahabu yake. Bei za hisa zikaporomoka, makampuni mengi yakafa. Mwaka 1890 ikaletwa njia ya kutoa dhahabu kwa sianidi, na soko likafufuka. Aliyenunua kwa mali yake hisa za mgodi ulio na dhahabu ya yakini aliweza kuingojea siku hiyo. Aliyenunua kwa deni, mdai wake hakumngojea. Huo ndio ubaya mkubwa wa mkopo: humwongezea mtu wingi wa mali na kumnyang'anya muda, hata akaweza kuwa na rai sahihi juu ya soko na bado akafilisika kabla rai yake haijathibiti.

Basi nidhamu huanza kabla ya kununua. Mwenye randi 5,000 akiazimia kwamba katika biashara moja hatapoteza zaidi ya asilimia 2 ya alichonacho, hata akikosea mara kumi mfululizo atabakiwa na randi 4,085 hivi. Lakini anayehatarisha asilimia 20 kila mara, kwa makosa hayo hayo kumi, atabakiwa na randi 537. Na aiweke mapema amri ya kuuza bei ifikapo kiwango fulani, wala asiisogeze chini kwa matumaini. Ila akumbuke kwamba katika usiku kama ule wa Oktoba bei huruka na kuipita amri hiyo, na kwa hiyo kinga iliyo bora zaidi ni udogo wa biashara yenyewe.

Fauka ya hayo, fedha za karo, za kodi ya nyumba, na zile zinazongojewa na wazazi kule nyumbani, zina wenyewe tayari, na si haki kuziingiza katika hatari wasiyoijua. Ndugu zangu, soko halifungwi usiku wala siku ya Idi, na halitakosa kuwapo kesho. Kwa hiyo asiyeweza kuitaja hasara yake kwa randi kabla ya kununua, na asinunue.