Betri Iliyovimba

Twataka kunena nanyi juu ya betri ya laptopu iliyovimba.

Ukiiweka kompyuta yako mezani, nayo ikawa yayumba kama kigoda kilichopungukiwa mguu, au ukiona kile kibao upapasacho kwa kidole kimeinuka, au kifuniko hakifungiki kama jana, usidhani kuwa ni skrubu iliyolegea. Yamkini ni betri. Ndani yake, kwa sababu ya umri, na joto, na kuachwa kwenye chaja usiku na mchana, huzaliwa gesi, na gesi hiyo, kwa kuwa haina pa kutokea, huutunisha mfuko wake mfano wa andazi.

Basi usiitoboe. Wako mafundi wa kubahatisha wasemao kuwa tundu dogo la sindano latosha kuitoa pumzi. Hiyo ni hatari tupu, kwani betri ya lithiamu ikitobolewa yaweza kushika moto papo hapo. Usiitoboe, wala usiikandamize ili kifuniko kifunge.

Zima kompyuta. Chomoa chaja. Usiichaji tena. Iweke penye ubaridi, mbali na godoro na mapazia, kisha mpelekee fundi mwenye ujuzi aitoe betri hiyo na kutia mpya. Ile mbovu isitupwe jaani, ambako taka huchomwa, bali ipelekwe kwa wakusanyao taka za kielektroniki.

Nayo mpya, tafadhali, usiichaji kitandani: shuka huziba matundu ya hewa ya kompyuta.