Kifusi Kwanza, Kokoto Baadaye

Mvua zikikatika na mafundi wakirudi kazini, kila mwenye kilima cha mawe huanza kupiga hesabu. Atahesabu tripu za kokoto, mawe ya msingi, kodi ya mashine ya kusagia na posho ya vijana wa nyundo. Kifusi, ule udongo unaofunika mwamba, hakimo.

Nami nasema machimbo madogo mengi hufia kwenye kifusi, wala si kwa kukosa mwamba.

Chukua eneo dogo tu la mita 20 kwa 20. Kama juu ya mwamba kuna udongo wa mita 1, hizo ni mita za ujazo 400. Udongo ukichimbuliwa hufumuka, kwa hiyo utakuta una kama 500 za kuhamisha. Kwa tipa la mita za ujazo 7, ni tripu zaidi ya 70 kabla hujauza hata ndoo moja ya kokoto. Sasa utaumwaga wapi? Wengi humwaga palepale pembeni, mahali pa karibu. Baada ya miezi kadhaa mwamba mzuri unaelekea kulekule pembeni, na kifusi kimeukalia. Unalipa mara ya pili kuhamisha udongo uleule.

Au mtu anachoka, anaacha kuondoa udongo wa juu, anaanza kufukua kwa chini ya ukingo. Hapo ndipo watu wanapofukiwa. Mwamba huchimbwa kutoka juu kushuka, kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na upana wa kutosha mtu kusimama na jiwe kutua. Anayekula ukingo kwa chini anajichimbia kaburi, na mara nyingi aliyemo mle ndani ni kibarua, siyo mwenye machimbo.

Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 inahesabu hata mawe ya ujenzi kuwa madini. Leseni ya mchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania, na hudumu miaka 7. Lakini leseni haikupi shamba la mtu. Lazima mwelewane na mwenye ardhi, na hapo ndipo pa kuandikiana shimo litaachwaje. Baruti nayo ina vibali vyake. Usimwite fundi wa vichochoroni. Na vumbi la graniti lina silika inayoharibu mapafu polepole, basi maji ya kunyunyizia yawemo kwenye bajeti.

Nirudi kwenye udongo. Pale Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe kikaacha uwanja mtupu, mweupe, wa joto kali. Mwaka 1971 mtaalamu wa kiwanda hicho, Rene Haller, akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikapona 3, na mvinje ndio uliobeba kazi. Ilibidi waletwe majongoo watafune majani yake makavu ili udongo uanze kujitengeneza upya. Leo watu wanalipa kiingilio kuona msitu huo. Inapendeza kweli, lakini kiwanda kikubwa ndicho kilichoweza kungoja majongoo. Mchimbaji mdogo hana subira hiyo wala fedha hizo. Alicho nacho ni udongo wake mwenyewe, ambao siku ya kwanza anautupa bondeni, ukasombwa na mvua hadi kwenye kisima cha jirani.

Kwa hiyo udongo wa juu uwekwe peke yake, mbali na mkondo wa maji, upande usio na mwamba. Ngazi ya kwanza ikiisha, urudishwe humo, kabla shimo halijawa bwawa la kuzamisha watoto.

Wenyeviti wa vijiji, mtakapoletewa ombi la machimbo, kabla ya kugonga muhuri mwambieni mwombaji awaonyeshe kwa kidole mahali pa kifusi. Akishindwa, mrudisheni akapange upya.