Habari Ziwafikie Popote Walipo

Kabla simu za mkononi hazijafika vijijini, tangazo la kifo kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam lilikuwa na mwendo wake, na kila mwenye redio aliujua. Kwanza mtoa tangazo, kijiji na wilaya yake. Kisha jina la marehemu, siku ya mazishi, na mahali. Halafu ule msururu mrefu: habari ziwafikie mwanawe aliye Tabora, binti aliyeolewa Mwanza, shemeji wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote pale walipo. Nyumba nzima ilinyamaza. Jina lolote lingeweza kuwa la kwao.

Mwanahistoria akipata matangazo ya namna hiyo leo, hasikii msiba peke yake. Anasikia nani aliondoka kijijini kufuata kazi ya reli, nani alikwenda kukata mkonge asirudi, ukoo upi ulioza mabinti mikoa ya mbali. Sensa huhesabu watu, lakini haisemi nani angepanda basi usiku kucha kwenda kumzika nani. Matangazo ya vifo yalisema, na yalisema kwa majina. Na bado, kituo chochote cha redio kikipungukiwa na nafasi kabatini, karatasi za namna hiyo ndizo za kwanza kwenda jalalani. Hotuba ya kiongozi itawekwa. Tangazo la msiba la mkulima wa Kasulu, la nini tena?

Maoni haya yanasimama hapo. Vyombo vya habari vya nyumbani vimetunza historia ya watu wa kawaida kuliko taasisi yoyote iliyoundwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi vimefanya hivyo bila kukusudia. Lakini inapofika kwenye kuhifadhi, vinaanza na vile vitu ambavyo tayari vina nakala kila mahali.

Magazeti yanatoa ushahidi wa kwanza. Msimulizi lilianza kuchapwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu, na kurasa zake zilijaa habari za walimu na vituo vya misheni. Mwezi Januari 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza mjini Dar es Salaam ikaanzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi. Lilikuwa gazeti la serikali, na serikali ilikuwa na yake ya kusema: kilimo bora, afya, utii, kodi. Lakini wasomaji nao walikuwa na yao. Makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo waliandika kutoka miji yao kuhusu mvua na nzige, arusi na vifo, mila zilizokuwa zikibadilika, ubishi kuhusu vijana wasioheshimu wazee. Washairi walijibizana humo. Shaaban Robert alichapisha tungo zake humo kabla jina lake halijajulikana na kila mwanafunzi.

Wala hakuna aliyemwambia karani yule kwamba anaandika historia. Alitaka barua yake itoke tu. Lakini mwanahistoria Emma Hunter alipoandika kitabu chake cha 2015 kuhusu fikra za kisiasa za Watanganyika kabla na baada ya uhuru, barua kama hizo ndizo zilizomwonyesha jinsi watu walivyobishana juu ya uraia, maendeleo na uhuru wenyewe, kwa Kiswahili chao, bila kusubiri kufundishwa na chama.

Gazeti la serikali, hata hivyo, lina mkasi wake. Ndiyo maana Kwetu ni hazina ya pekee. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alilianzisha Novemba 1937, likawa sauti ya Waafrika waliochoshwa na mishahara midogo, ubaguzi na ughali wa maisha. Ni miaka ile ile ambayo wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, 1939 na tena 1943. Anayesoma faili za maofisa peke yake ataona tatizo la utulivu mjini. Akiongeza Kwetu mezani ataanza kuona tatizo la bei ya chakula. Fiah mwenyewe hakuwa mtu mkubwa serikalini, na pengine angesahaulika kabisa kama asingekuwa na gazeti.

Kuna kichekesho katika habari hizi, chungu kidogo. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa kwa kashfa kutokana na makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama chake kilichorudufiwa kwa mashine ya mkono. Alitozwa faini ya shilingi 3,000. Vijarida vya namna ile huishia kufungia maandazi, lakini mkoloni alivikusanya kwa bidii kwa sababu alivihofia. Mpelelezi wa polisi amewatunzia Watanganyika karatasi nyingi kuliko rafiki zao walivyowatunzia.

Sasa redio yenyewe.

Utangazaji Dar es Salaam ulianza mwaka 1951 kwa mitambo midogo ambayo haikusikika mbali na mji. Shirika la Utangazaji la Tanganyika likafuata mwaka 1956, na 1965 serikali ikalichukua, likawa Redio Tanzania. Kwa miongo karibu mitatu Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine. Kwa hiyo kilichorekodiwa pale ndicho kilichorekodiwa, na kisichorekodiwa kwa kawaida kimekwenda na waliokisema.

Muziki unaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitu chochote. Kampuni za santuri zilikuwa Nairobi, na si kila bendi ilimudu safari. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Atomic ya Tanga na bendi nyingine nyingi ziliingia studio ya Redio Tanzania, zikarekodi nyimbo kwenye kanda kubwa za mzunguko, zikarudi kwenye kumbi zao. Wimbo ulipigwa hewani, nchi nzima ikaujua, na mtunzi hakubaki na nakala hata moja nyumbani. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiacha baadhi ya nyimbo zake kwenye santuri za Nairobi. Wapo wenzake wengi ambao sauti yao yote duniani imo kwenye kanda moja, ndani ya boksi moja, kwenye rafu ya jengo lililoko Barabara ya Nyerere.

Na si Watanzania peke yao. Wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji walitangaza kutoka Dar es Salaam. ANC ya Afrika Kusini ilikuwa na Radio Freedom katika mawimbi hayo hayo, na SWAPO ya Namibia nayo ilikuwa na vipindi vyake. Mtu wa Maputo au Windhoek anayetafuta sauti za ukombozi wa nchi yake ana sababu nzuri ya kuuliza Dar es Salaam kwanza.

Upande wa habari kwa umma, mfano ambao bado unatajwa na wataalamu wa elimu ya watu wazima ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu walikusanyika kwa vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, wakajadili malaria na kuhara damu, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki. Wakati wa Uviko-19 nchi nyingi zilihangaika kutafuta namna ya kuzungumza na wanavijiji bila kuwatisha wala kuwadharau. Mbinu zilikuwepo, zilikwisha kujaribiwa, na zilikuwa kwa Kiswahili.

Isije ikadhaniwa kwamba redio ya taifa ilikuwa kioo safi. Watu walipohamishiwa vijijini kwa nguvu katikati ya miaka ya 1970, nyumba nyingine zikichomwa moto ili wenyewe wasirudi, hayo si mambo ya kutegemea kuyakuta kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Lakini hata ukimya ni ushahidi kwa anayejua kuusoma: tarehe ipi walizungumzia mavuno ya pamba, na tarehe hiyo hiyo ofisa wa wilaya alikuwa anaandika nini kwenye faili lake. Bila kanda, ulinganisho huo haufanyiki.

Kanda zenyewe hazisubiri. Utepe wa sumaku una gundi inayoshika ile poda yenye sauti, na gundi hiyo hunywa unyevu wa hewani. Joto la Pwani linafanya kazi iliyobaki. Kanda iliyoharibika hunata mashineni, hulia, huacha unga kwenye vichwa vya kusomea, na sauti huondoka pamoja na unga huo. Fundi anaweza kuikausha kwa joto dogo kwa saa kadhaa na kuipiga tena, safari hii akirekodi kidijitali. Kanda ya saa moja inadai saa nzima ya kupigwa, bila njia ya mkato. Mashine hazitengenezwi kama zamani, vipuri ni vya kutafutwa, na mafundi waliozijua wanastaafu. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari ya dunia kuhusu kanda za sumaku, ikitaja 2025 kuwa mwaka ambao baada yake kuzisoma kutakuwa kugumu mno. Mwaka huo umekwisha kupita.

Kwa muda mfupi na fedha kidogo, swali la maana ni nini kiokolewe kwanza. Mazoea yanajibu: hotuba za Mwalimu Nyerere. Ni hotuba nzuri, hakuna anayebisha. Ila zimechapwa vitabuni, zimetolewa kwenye kaseti, zinasikika kila kumbukumbu ya kifo chake, tarehe 14 Oktoba, na ziko kwenye simu za vijana. Hazipotei kesho. Mahojiano na mganga wa Ukerewe, ngoma ya Wagogo iliyorekodiwa kijijini, mjadala wa kikundi cha Mtu ni Afya: hivyo vina nakala moja. Foleni igeuzwe.

Magazeti angalau yana msaada wa sheria inayowataka wachapishaji kuweka nakala maktaba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wake wa Afrika Mashariki, na kule Chicago kuna mikrofilamu za magazeti ya Kiswahili zilizopigwa kwa ajili ya watafiti wa Marekani. Kijana wa Songea anaweza kukuta ni rahisi zaidi kusoma gazeti la babu yake akiwa Illinois. Ni aibu, lakini ni aibu yenye nakala.

Redio za jamii za leo hazina hata hiyo. Terrat kule Simanjiro, Sengerema, Micheweni kisiwani Pemba: kila siku wazee, wavuvi na madiwani wanazungumza kwenye vituo hivyo mambo ambayo hakuna gazeti la Dar es Salaam litakaloyafuata. Kompyuta ya studio ikijaa, fundi anafuta ya zamani. Mahojiano yakibaki, faili linaitwa “mzee mpya 2”, bila tarehe, bila kijiji, bila jina la mzee.

Kisingizio cha gharama kimepungua sana. Matangazo ya saa 24 yakihifadhiwa kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, mwaka mzima hauzidi sana gigabaiti 500. Diski ya terabaiti 2 inabeba karibu miaka minne, na ya pili kama hiyo inaweza kukaa kwenye ofisi ya halmashauri au maktaba ya shule, moto ukitokea studio isiwe mwisho wa kila kitu. Kinachokosekana ni mtu. Orodha ya wafanyakazi wa kituo kidogo ina meneja, watangazaji, fundi mitambo, wa masoko, mlinzi. Mtunza kumbukumbu hayumo. Na hahitaji ofisi yake wala gari. Anahitaji saa chache kila Ijumaa, daftari la majina na tarehe, na mamlaka ya kumzuia fundi asifute kitu kabla yeye hajakipitia.