Mgumu Ana Mzani Getini, Mwanafunzi wa Fildi Ana Nini?

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye semina ya vijana wetu hapa Moshi, kwa ajili ya wanafunzi wanaojiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo. Waliokosa nafasi ya kuhudhuria waliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Makamanda, shimbonyi!

Mwenyekiti amenipa dakika 15. Mimi ni mtu wa kompyuta, siyo wa jukwaa, kwa hiyo nikizidisha nizimieni kipaza sauti, sitanuna.

Nianzie mlimani. Wangapi humu mmewahi kupanda kama wagumu? Nyoosheni mikono tuone. Eeh, wengi kuliko nilivyodhani. Na nyie wawili pale dirishani nawafahamu, mnasoma kompyuta. Likizo ikifika wenzenu wanatafuta fildi, nyie mko njia ya Horombo na begi la mgeni kichwani. Siwacheki. Najua ni nani analipa kodi ya chumba chenu.

Sasa niambieni, ukifika geti la Machame au Marangu, mzigo unafanywaje? Unapimwa. Kilo 20 za mzigo wa mgeni, zikizidi zinashuka. Najua ujanja upo. Kuna wanaokwepa mzani, na kuna mgumu anayeambiwa anyamaze kama anataka safari nyingine. Lakini mzani uko pale, na ukidhulumiwa unajua umedhulumiwa kilo ngapi. Mwanafunzi wa fildi anadhulumiwa bila hata kujua uzito.

Niwape yangu. Nilisoma uhandisi wa programu Dodoma, miaka minne. Mwaka wa pili nikapata fildi kwenye ofisi moja Dar, sitaitaja. Nililala kwa shangazi Mbagala, kila siku daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Wiki nane. Unajua nilifanya nini? Fotokopi. Nilibadilisha wino wa printa. Siku moja nilimuunganishia bosi projekta, nikapigiwa makofi kabisa. Kwenye kitabu cha fildi nikaandika kwamba nimejifunza "mifumo ya mawasiliano ya ofisi", supavaiza akapiga muhuri bila kusoma. Hakuna aliyenilipa hata nauli.

Lakini angalau mimi nilikuwa na shangazi. Mwenzangu mmoja wa Rombo, ambaye kila mtihani alinipita, hakuwa na pa kufikia Dar. Akarudi nyumbani, akapata muhuri kwenye stesheneri ya jirani, akamaliza fildi yake akichapa barua za watu na kadi za harusi. Vyeti vyetu vinasema kitu kimoja. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba fildi ya bure siyo ya bure. Kuna mtu anailipia, na mara nyingi ni mama mwenye migomba mitatu na ng'ombe mmoja kihambani.

Mwaka wa tatu nikaangukia kampuni changa, vijana wanne kwenye chumba kimoja chenye feni mbovu. Walikuwa wanatengeneza mfumo wa shule wa kupokea ada kwa simu. Wakanipa nauli, chakula cha mchana, na laki moja na nusu kwa mwezi. Siyo hela nyingi, lakini sikilizeni kilichobadilika. Siku ya pili tu mmoja wao akaniuliza, "Umefikia wapi?" Ofisi ile ya kwanza hakuna aliyewahi kuniuliza nimefikia wapi! Mtu akikulipa anakufuatilia, maana hela yake iko kwako. Hakuachi ukae na fotokopi.

Wiki ya tatu nikaharibu. Mzazi alilipa ada mara moja, mfumo ukaandika amelipa mara mbili. Kumbe mtandao ulikatika katikati, ujumbe wa malipo ukatumwa tena, na programu yangu ikaupokea kama malipo mapya. Siku tatu sikulala vizuri. Mwishowe nikaelewa: kila malipo yana namba yake ya kumbukumbu, na kabla hujaandika chochote lazima mfumo uulize, namba hii nimeshaiona? Kama imeshaonekana, jibu "nimepokea" halafu usiongeze kitu. Ni mistari michache tu. Darasani sikuwahi kuihitaji, kwa sababu darasani mtandao haukatiki katikati ya ada ya mtoto wa mtu.

Kazi niliyonayo leo niliipata kwa kueleza kosa lile kwenye usaili. Hakuna aliyeniuliza kuhusu projekta.

Sasa tuje kwenye siasa, ndiyo maana tuko hapa. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo. Mwenye mkopo anaweza kupata, asiye na mkopo atajua mwenyewe. Lakini hata huyo aliyepata, hebu tuisome vizuri hiyo hesabu. Unakopa serikalini ili uende kumfanyia kazi mtu ambaye hakulipi. Ukihitimu na kuajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kurudisha mkopo, na ndani yake kuna nauli ya kwenda kubadilisha wino wa printa ya yule bosi. Sisi ndio tunaomkopesha yeye, jamani!

Kuna watu watasema huko duniani ndivyo ilivyo. Sivyo. Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906 kilianza kuwachanganyia wanafunzi wa uhandisi masomo na kazi ya malipo. Waterloo, Kanada, kilianza hivyo tangu kilipofunguliwa mwaka 1957. Mwanafunzi wa uhandisi wa programu pale anasoma miezi minne, anafanya kazi ya mshahara miezi minne, anarudi darasani, hivyo hivyo mpaka anamaliza. Na mpango huo wanauitaje? Wanauita kwa neno lile lile wanaloitia ushirika. Nilicheka nilipoliona. Watu wa Moshi kufundishwa ushirika na Wakanada! Wazee wetu walianza chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kufika 1933 wana KNCU, kwa sababu walichoka kubeba gunia mpaka dukani halafu mwenye duka ndiye anawaambia lina thamani gani. Leo chuo kikuu cha ushirika kiko hapa hapa mjini, na kina shahada ya TEHAMA ya biashara. Hatuhitaji kwenda Kanada kulitafuta neno.

Mtaniuliza hela itatoka wapi. Swali zuri, na msikubali kulikimbia mkiulizwa mtaani. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inakusanywa na TRA, asilimia 3.5 ya mishahara yote anayolipa tangu Julai 2023. Theluthi moja ya tozo hiyo imepangwa kwenda VETA. Jina lake ni tozo ya ujuzi, lakini mwajiri hana anachopunguziwa hata akimchukua kijana wa fildi na kumfundisha kweli. Pendekezo langu ni hili: mwajiri anayemlipa mwanafunzi wa fildi, kwa mkataba wa maandishi na kwa akaunti ya benki au simu, arudishiwe sehemu ya tozo yake. Akimweka kwenye fotokopi bure, asirudishiwe kitu. Malipo yale yanakuwa ndiyo mzani wetu wa getini. Hili nataka tuliandike kama baraza la vijana, lipelekwe juu kwenye ilani, na lisirudi kwetu likiwa limegeuka kuwa "tutaboresha mazingira ya vijana". Sentensi hiyo kila chama kinayo.

Na kuna jambo lingine, hapa naomba mnivumilie. Sisi je? Ule ukurasa wa kusajili mawakala, vijana waliokesha wakiutengeneza tuliwalipa nini? Soda na fulana. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapigia simu kuwaomba "wajitolee". Mnacheka, lakini mmoja wao yuko humu na hacheki. Kujitolea kwenda kugonga milango ni mapambano. Kumkalisha mtu wiki sita kwenye kazi yake ya ufundi bila nauli ni ile ile ofisi ya Dar. Nimeshamwambia mwenyekiti, na leo nalisema mbele yenu ili nisipate pa kujificha.

Intaneti sitaiongelea sana. Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti Horombo, mita 3,720, na mgeni anarusha picha akiwa juu ya mawingu. Safi. Lakini kijana wa kijiji cha chini ya geti bado anahesabu bando kwa megabaiti, na kazi nyingi za programu zinafanyika ukiwa nyumbani. Na ilipozimwa nchi nzima kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, aliyekuwa analipwa kwa kazi ya mtandaoni alikaa tu. Hakuna aliyemfidia.

Mwenyekiti ananyoosha mkono. Namalizia.

Wengi wenu mnaanza fildi Julai. Kabla hujapeleka barua, piga simu pale ofisini uulize atakayekusimamia ni nani, kwa jina, na wiki ya kwanza utapewa kazi gani. Nauli usione aibu kuiuliza, hata kama jibu ni hapana. Wakikwambia "tutaona ukifika", endelea kutafuta sehemu nyingine huku hiyo ukiiweka akiba. Na chochote utakachokiandika pale, weka kumbukumbu ya kosa ulilorekebisha na ulivyolirekebisha, siyo ya siku ulizohudhuria tu.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa hapa na laptopu yangu. Leteni barua zenu tuzisome pamoja. Nyie wawili wa dirishani, kama mna safari ya mlimani, nipigieni picha barua mnitumie kabla hamjapita geti.