Leseni ya Programu ni Kama Masharti ya Chama
Hotuba kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Hakuna chama cha msingi kinachoandikishwa bila masharti. Kabla kilo ya kwanza ya mazao haijawekwa mizanini, waanzilishi huketi, huyajadili masharti na kuyatia sahihi. Humo huandikwa ni nani aweza kujiunga, ziada itagawanywaje, na chama kikivunjwa mali yake iende wapi. Wanajua kuwa jambo lisiloandikwa siku ya kuanza huleta magomvi siku ya faida.

Programu za kompyuta nazo zimekwisha kuingia katika ofisi za vyama, na baadhi yake ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na leseni yake humruhusu kila mtu kuutumia, kuusoma, kuusahihisha na kuugawa. Kazi ya namna hii hufanana na ushirika, kwa kuwa wengi huchangia na wengi hufaidika. Lakini mara nyingi huanzishwa na watu wawili au watatu, na hao husahau masharti.

Ichukuliwe mfano. Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, anaandika programu ya daftari la mapokezi ya mazao. Mwenzake wa chama cha jirani anaongeza sehemu ya malipo. Wa tatu anasahihisha hesabu ya makato. Msimbo unawekwa hadharani, na vyama vitano vinaanza kuutumia. Hakuna aliyeandika leseni. Je, programu hiyo ni mali ya nani?

Wengi watajibu kuwa ni ya wote. Sheria haisemi hivyo. Katika Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huhesabu programu ya kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Haki ni ya mwandishi tangu anapoandika, hata asipoiandikisha popote, nayo hudumu mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi kila mmoja wa vijana wale watatu anamiliki sehemu yake, na kuweka msimbo hadharani si kutoa ruhusa ya kuunakili wala kuubadilisha. Wa pili akihamia mbali asijibu barua, au akifariki na haki yake ikawaangukia warithi wasiojua kompyuta ni nini, vyama vile vitano vitakuwa vimejenga nyumba juu ya kiwanja kisicho na hati. Ndani ya nyumba hiyo mna hesabu za wakulima.

Dawa yake ni leseni, nayo iwekwe siku ya kwanza, katika jalada lake lenyewe ndani ya programu. Si lazima kuitunga upya. Ziko zilizokwisha kuandikwa na wanasheria na kujaribiwa kwa miaka mingi. Zilizo fupi, kama MIT na BSD, humruhusu mtu kufanya karibu lolote, mradi atunze majina ya waandishi na maneno ya leseni. Apache 2.0, ya mwaka 2004, inafuata njia hiyo, tena inataja waziwazi haki za hataza. GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, inadai zaidi: anayeigawa programu kwa wengine, hata akiwa ameibadilisha, sharti awape msimbo wake kwa leseni ileile. Mfanyabiashara anaweza kuichukua programu ya MIT, kuiboresha na kuifungia. Akichukua ya GPL, hawezi kuigawa na huku akiuficha msimbo.

Basi swali la kujiuliza ni moja: waanzilishi wanataka nini? Wakitaka programu ienee popote kwa masharti machache, zile fupi zinatosha. Wakitaka kila atakayeigawa pamoja na maboresho yake awape wapokeaji msimbo wa maboresho hayo, GPL yafaa. Waangalie pia msimbo wa wengine wanaoutumia, kwani leseni nyingine hazipatani. Kwa mfano, msimbo wa Apache 2.0 unaweza kuingia katika programu ya GPL toleo la 3, lakini hauwezi kuingia katika ile iliyofungwa kwenye toleo la 2 peke yake.

Kubadili leseni baadaye ni kazi nzito. Programu ya VLC, ya kuonyesha filamu na kupiga muziki, ilianzishwa na wanafunzi karibu na Paris mwaka 1996, na mwaka 2001 ikawekwa chini ya GPL. Mwanzoni mwa mwaka 2011 toleo lake la simu za iPhone liliondolewa katika duka la Apple, baada ya mmoja wa wachangiaji kulalamika kuwa masharti ya duka hilo hayakupatana na GPL. Mwaka huohuo viongozi wake, wakitaka mtambo wa ndani wa programu utumike kwa upana zaidi, waliazimia kuuhamishia kwenye LGPL, leseni iliyo nyepesi kuliko GPL. Jean-Baptiste Kempf akalazimika kuwatafuta wachangiaji mmoja mmoja na kuomba idhini yao. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwishoni mwa mwaka 2012, na hata hivyo baadhi ya sehemu zilibaki chini ya leseni ya zamani.

Anayetoa mchango naye ana wajibu. Alete badiliko moja kwa wakati, dogo, lililojaribiwa, na aeleze limefanya nini na kwa sababu gani, ili mkaguzi aweze kulisoma kama anavyosoma stakabadhi. Asinakili kazi ya mtu bila ruhusa. Akiwa ameajiriwa, aulize kwanza, kwani huenda mwajiri ana haki juu ya kazi hiyo. Tangu mwaka 2004 wachangiaji wa Linux huweka majina yao chini ya kila mchango, wakithibitisha kuwa wana haki ya kuutoa. Utaratibu huo hauna gharama, na mradi mdogo waweza kuufuata.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, kabla chama hakijaikabidhi programu hesabu zake, katibu na aulize mambo matatu: leseni iko wapi, majina ya wachangiaji yako wapi, na msimbo umehifadhiwa wapi. Akumbuke pia kuwa karibu leseni zote hizi husema programu hutolewa bila dhamana. Hesabu ikikosewa, mkulima atakuja kuuliza ofisini kwa chama. Jibu likikosekana, waandishi wangali hai na wangali wanajuana: waitwe, wakubaliane, waandike.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe likiwa programu, nalo lina haki ya kuandikwa lilivyo na lilivyo la nani.