Safari ya Ng'ambo na Watoto Sita



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yetu ya London mwaka 2023, tulipoalikwa arusi ya ndugu yangu. Tulikuwa watu wanane: mke wangu, mimi na watoto sita.

Wengi huanza na nauli. Mimi nasema, anzeni na vyeti vya kuzaliwa. Kila mtoto, hata aliye mgongoni, hudaiwa pasipoti yake na viza yake. Hasafiri kwa karatasi ya mamaye. Nilikuwa nimekwisha kununua tikiti nilipovitandaza vyeti mezani, nikaona katika cheti cha mwanangu wa tatu jina langu limepungua herufi moja. Maombi yake ya pasipoti yakarudishwa. Na aliyeijaza fomu ile ni mimi mwenyewe, karani, ambaye kazi yangu ni kusahihisha majina ya watu! Marekebisho yalipotimia, ndege ilikwisha kuondoka, na kijana alibaki kwa nyanya yake. Katika picha ya arusi mke wangu hakukubali wenziwe wasimame mahali pake.

Tena angalieni umri. Mtoto asiyetimiza miaka 2 hupakatwa kwa nauli ndogo, lakini kila mtu mzima hupakata mmoja tu. Kitinda mimba wetu alitimiza miaka 2 tukiwa huko. Wakati wa kurudi alidaiwa kiti chake.

Yule kijana sasa anayo pasipoti. Nauli yake ndiyo ninayoiwekea akiba.