Projekta ya Mfukoni Katika Kazi ya Ugani: Faida, Hasara na Suala la Giza



Kiwavijeshi vamizi anapoanguliwa ni mdogo kuliko punje ya mchele. Alama za kumtambua, yaani ile Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia, huonekana vizuri kwa macho akiwa amekwishakomaa, na wakati huo mahindi yameshaliwa. Tangu mdudu huyu aingie nchini mwaka 2017 tumefundisha kwa mabango, kwa vipeperushi, na kwa simu inayozunguka mkono hadi mkono, kila mtu akichungulia sekunde mbili kabla jirani hajaivuta. Kwa misimu miwili sasa mimi nimefundisha kwa projekta ya mfukoni, yenye ukubwa wa daftari dogo na uzito usiofika nusu kilo, katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa. Maafisa ugani wenzangu, mmeniomba nieleze faida na hasara zake, nami nitaanza na usiku wa kwanza.

Tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, nikaweka projekta juu ya debe lililofudikizwa. Kiwavi alipotokea akiwa na urefu wa mita nzima, mzee mmoja aliinuka, akasogea mpaka kwenye shuka, akayagusa yale madoa manne moja baada ya jingine kwa ncha ya kidole, kivuli cha mkono wake kikifunika nusu ya picha. "Huyu ninaye," akasema. "Nilidhani ni yule wa zamani, yule wa kupita na kwenda zake." Nikaisimamisha video. Kwa robo saa nzima watu walibishana: nani amemwona, wapi, kwenye mahindi ya urefu gani, alikuwa ameacha kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mmea au la. Wakati huo huo nondo walikuwa wakitua kwenye shuka, wamevutwa na mwanga, na mtoto mmoja akauliza kama hao ndio mama zake kiwavi. Somo la nondo kutaga mayai usiku sikulipanga, lilikuja lenyewe.

Kuisimamisha video watu wakajadiliana ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote, na haimo kwenye maelezo ya boksi. Nchi hii imeona sinema za kilimo muda mrefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulizunguka Tanganyika na nchi jirani na lori lililobeba mashine ya kuonyeshea filamu na jenereta yake. Lori likifika, kijiji kizima kinajaa, filamu inaanza na kuisha, lori linaondoka. Mtazamaji hakuwa na namna ya kusema "rudisha pale nyuma." Sasa mashine hiyo inaingia kwenye mkoba nyuma ya bodaboda, na anayeishika ni mtu ambaye kesho asubuhi wanakijiji watakutana naye shambani. Anaweza kuisimamisha, kuirudisha, kuikuza picha. Na video zilizotengenezwa kwa Kiswahili zipo. Za Access Agriculture, kwa mfano, unazipakua mjini mara moja, unazitia kwenye flashi, na kijijini huhitaji intaneti hata kidogo.

Faida nyingine nitazipitia haraka kwa sababu mnazijua. Projekta ya ofisini hula umeme wa wati 250 au 300, kwa hiyo bila gridi unahitaji jenereta, petroli na mtu wa kuibeba. Hii ndogo ina betri yake, inadumu saa moja na nusu hadi mbili, na nyingi zinakubali pawabenki. Taa yake ni ya LED, inayotarajiwa kudumu saa 20,000 au zaidi, wakati balbu za zile kubwa za zamani huchoka baada ya saa elfu chache, na bei ya balbu mpya mnaijua.

Sasa nije kwenye hasara, na hapa naomba tukae kidogo.

Mwanga wake ni mdogo, na udogo huo hauondolewi na ujanja wowote. Projekta nzuri ya aina hii hutoa lumeni 100 hivi. Ukitandaza lumeni 100 kwenye picha yenye upana wa mita moja na nusu, kila mita ya mraba inapata lumeni 80 kasoro. Ukiongeza upana ufike mita tatu ili watu 100 waone, eneo linakuwa mara nne, na mwanga unashuka hadi 20. Darasa lenye madirisha wazi saa nne asubuhi lina mwanga wa mamia kwa kipimo hicho hicho, na kivuli cha mwembe kina maelfu. Ndiyo maana mkiiwasha mchana chini ya mti mtaona shuka tupu. Kwa hiyo anayenunua projekta hii amejifunga kufundisha gizani, na kwetu giza la kutosha huanza kama saa moja na robo usiku.

Hapo ndipo nilipokosea msimu wa kwanza. Nilifurahia umati wa usiku na sikuuhesabu vizuri. Nilipoanza kuandika mahudhurio niliona kwamba, mkutano baada ya mkutano, robo tatu ni wanaume na vijana. Saa moja na robo mwanamke yuko jikoni, au anaogesha watoto, au haruhusiwi kutoka peke yake. Wazee wasioona vizuri njia hawaji. Lakini nani anapalilia mahindi? Nani anapita kila mstari akiinama, na ndiye wa kwanza kuona majani yaliyotobolewa? Nilikuwa nimenunua chombo cha kuwafikia wakulima, nacho kwa udhaifu wa mwanga wake kikawa kimewaacha nje wale wale wanaomkuta kiwavi wa kwanza. Hasara hii naiona nzito kuliko zote, na hakuna muuzaji atakayekwambia.

Msimu wa pili nilijaribu njia nyingine. Akina mama 12 wa kikundi cha kuweka na kukopa walikutana asubuhi kwenye stoo ya mmoja wao. Tukaziba dirisha kwa turubai na mlango kwa khanga mbili, nikaipunguza picha mpaka upana wa sentimeta 80. Kwa ukubwa huo lumeni zile zile 100 zinatoa mwanga wa karibu 280 kwa mita ya mraba, na picha ikawa kali kuliko nilivyowahi kuiona usiku. Walikaa karibu, magoti yakigusana. Tatizo lilikuja kutoka juu: bati. Ilipofika saa tano joto lilipanda, feni ya projekta ikaanza kupiga kelele, kisha mashine ikajizima yenyewe. Tangu siku hiyo tunaanza saa mbili na tunamaliza saa tatu na nusu.

Kuhusu ununuzi, nina maneno machache. Projekta yangu ya kwanza, kabla ya hii, niliinunua kwenye duka moja mjini. Boksi liliandikwa lumeni 6,000. Ilikuwa dhaifu kuliko tochi. Ulizeni lumeni za ANSI, ambazo hupimwa kwenye sehemu tisa za picha na kupatiwa wastani. Muuzaji asipozijua, ombeni aiwashe chumbani mwenye giza na pia pasipo giza. Maneno "inakubali 1080p" yana maana kwamba mashine inapokea video hiyo, wala si kwamba inaionyesha hivyo; nyingi ni nukta 854 kwa 480, zinazotosha kiwavi lakini si jedwali la bei za mbolea. Simu nyingi hazitoi picha kwa waya, kwa hiyo tegemeeni flashi. Spika ya ndani inatosha watu 12, si 40. Bebeni spika ya nje. Na ikiharibika, fundi wa redio hana cha kufungua: betri na taa vimebanwa humo ndani, vumbi likiingia kwenye lenzi linabaki kama doa la kudumu. Mimi huifunga kwenye khanga, kisha kwenye mfuko wa plastiki, kabla ya kupanda bodaboda.

Pendekezo langu kwa idara ni hili: kila kata ipate projekta moja, na fomu ya mahudhurio yenye safu ya wanawake na safu ya saa ya mkutano, ijazwe kila mara mashine inapowashwa. Afisa atakayeona safu ya wanawake imebaki tupu kwa mikutano mitatu aihamishie stoo, asubuhi, na shuka dogo.

Leo saa moja na nusu usiku nitaiwasha kwenye ukuta wa bwalo hapa, na kesho saa mbili asubuhi ndani ya stoo ya vyakula. Mwenye flashi aje nayo, tuone video zake zinafunguka.